Malodi wa Uingereza na Kazi ya Baraza la Pili

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jambo ambalo huwashangaza wageni wengi wasomapo habari za Uingereza. Waingereza ni watu wajisifuo tangu zamani kwamba nchi yao hutawaliwa kwa ridhaa ya raia. Walakini katika Bunge lao mna baraza zima la watu mia kadha wa kadha ambao raia hawakuwapigia kura. Watu hao husimama wakatoa maoni yao, hubadili miswada ya sheria, na tena wana uwezo wa kuichelewesha. Basi mtu mwenye akili huuliza: Ikiwa raia wamekwisha kuchagua wajumbe wao, hawa wengine wametoka wapi, na kwa amri ya nani? Swali hilo Waingereza wenyewe wamejiuliza kwa muda wa zaidi ya miaka mia, na kulijibu kumewashinda.

Bunge la Uingereza lina sehemu tatu: Mfalme, Baraza la Malodi na Baraza la Raia. Waingereza huyaita mabaraza hayo “nyumba,” lakini yote mawili yamo katika jumba moja kando ya mto wa Thames mjini London. Mtu akiingia hujua mara moja yuko upande gani, kwa kuwa viti vya Raia ni vya rangi ya kijani, na viti vya Malodi ni vyekundu. Katikati ya baraza la Malodi pana kiti kikubwa kisicho na mgongo, nacho ni mto mnene uliojazwa sufi ya kondoo. Desturi hiyo ni ya tangu karne ya 14, zamani utajiri wa Uingereza ulipokuwa katika biashara ya sufi. Hata mwaka wa 1938 kiti kilipofunguliwa ili kutengenezwa, ikaonekana kwamba ndani yake mlikuwa na manyoya ya farasi! Kikajazwa upya kwa sufi. Twalitaja jambo hili dogo kwa sababu msomaji atakumbana na mambo mengi ya namna hii katika habari za Malodi: sura ya kitu ni ya kale na yenye heshima, lakini mtu hana budi kufungua atazame kilichomo.

Tuanze na Baraza la Raia, maana ndilo lenye nguvu. Lina wajumbe 650, na kila mmoja amechaguliwa na watu wa wilaya yake. Kazi yao ya kwanza ni kuiweka serikali, na kuiondoa. Waziri Mkuu hachaguliwi na nchi nzima. Yeye ni yule awezaye kupata wajumbe wengi wa Baraza la Raia nyuma yake, na siku anapowakosa hana budi kuondoka au kuirudia nchi kwa uchaguzi. Msidhani kwamba hayo ni maneno ya vitabuni tu. Usiku wa tarehe 28 Machi, mwaka wa 1979, wajumbe waliulizwa kama wana imani na serikali ya James Callaghan. Waliosema hawana walikuwa 311, na waliosema wanayo walikuwa 310. Kwa kura moja ile serikali ikaanguka, na uchaguzi ukafanywa.

Kazi ya pili ni fedha. Serikali haina ruhusa ya kutoza kodi wala kutumia hata senti moja bila idhini ya Bunge, na Mfalme mmoja alipojaribu kutawala bila Bunge katika karne ya 17 nchi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kazi ya tatu ni kuuliza. Kila Jumatano, saa sita mchana, Bunge linapokuwa katika kikao, Waziri Mkuu husimama mbele ya wajumbe na kuulizwa maswali. Kelele za saa hiyo ni nyingi mno, na watu wengine husema ni mchezo tu. Sisi twaona kwamba hata mchezo una faida yake, maana mkubwa ajuaye kuwa ataulizwa mbele ya watu hutenda kwa hadhari kuliko mkubwa asiyeulizwa kitu. Kazi ya nne, nayo ni ya kila siku, ni kutunga sheria, na hapo ndipo Malodi wanapoingia.

Mswada wa sheria husomwa mara tatu katika kila baraza. Kusomwa mara ya kwanza ni kutajwa jina tu. Mara ya pili wajumbe hubishana juu ya asili yake: je, yafaa tuwe na sheria ya namna hii? Kisha mswada hupelekwa katika kamati ukachambuliwa neno kwa neno, halafu husomwa mara ya tatu. Ukikwisha kupita katika baraza moja hupelekwa katika la pili, nako huanza tena tangu mwanzo. Mabaraza yakitofautiana, mswada hurudishwa huku na kupelekwa kule hata maneno yapatane. Mwisho Mfalme hutoa idhini yake. Kwa desturi Mfalme hakatai. Wa mwisho aliyekataa ni Malkia Anne, mwaka wa 1708.

Wasomaji wetu wa pwani watafahamu vizuri maana ya baraza la pili tukiwapa mfano wa jahazi. Fundi akikwisha kuunda jahazi, mwenye busara halishushi majini siku ile ile. Humwita mtu mwingine, apitepite akigonga mbao na kutazama kalafati, kwa sababu macho ya fundi yamezoea kazi yake mwenyewe hata hayaoni ufa. Kazi ya yule wa pili si kusema, “Usiwe na jahazi.” Kazi yake ni kusema, “Hapa patavuja.” Hivyo ndivyo watetezi wa Baraza la Malodi wanavyoieleza kazi yake, na mfano huu ni mzuri. Ila una upungufu mmoja: yule mtazama kalafati huitwa kwa sababu anajua kazi. Malodi kwa muda wa miaka mingi waliitwa kwa sababu ya baba zao.

Asili ya jambo hili ni ya kale. Wafalme wa Uingereza walikuwa wakiwaita wenye ardhi wakubwa na maaskofu ili kushauriana nao na kuwaomba fedha. Mwaka wa 1265 Simon de Montfort, aliyekuwa akishindana na Mfalme, aliwaita pia wajumbe kutoka wilayani na mijini. Katika karne ya 14 makundi haya mawili yakawa na mazoea ya kukutana mbalimbali, wakubwa mahali pao na wajumbe mahali pao. Wakati ule kila mmoja aliona kuwa ni haki, kwa kuwa mwenye ardhi ndiye aliyekuwa na askari na mali. Akifa, mwanawe mwanamume alishika ardhi, na pamoja na ardhi alishika kiti. Mwaka wa 1649, baada ya kumwua Mfalme Charles wa Kwanza, wajumbe wa Raia walilifuta Baraza la Malodi, wakasema halina faida tena ni la hatari. Lakini mwaka wa 1660 ufalme uliporudi, na Malodi walirudi pamoja nao.

Sasa tufike katika ugomvi mkubwa uliobadili mambo yote. Mwaka wa 1909 Waziri wa Fedha, David Lloyd George, alileta hesabu za serikali zenye kodi mpya. Fedha zilihitajiwa kwa manowari, na pia kwa malipo ya wazee, maana mwaka uliotangulia ilikuwa imepitishwa sheria ya kuwalipa wazee maskini. Kodi hizo ziliwaangukia zaidi matajiri na wenye ardhi, yaani Malodi wenyewe. Yalikuwapo mazoea ya zamani sana kwamba Malodi hawagusi mambo ya fedha. Safari hii waliyagusa. Tarehe 30 Novemba, 1909, waliyakataa makadirio ya nchi kwa kura 350 kwa 75.

Fikirini maana yake. Watu waliochaguliwa walikuwa wamekubali kodi. Watu wasiochaguliwa, ambao kodi ile ingewauma, wakaikataa. Serikali ikairudia nchi kwa uchaguzi mwezi wa Januari, 1910, ikapata kuendelea, na Malodi wakayapitisha makadirio. Lakini Waziri Mkuu Asquith hakutosheka. Alitaka sheria ya kuwafunga Malodi mikono wasiweze kufanya vile tena, na sheria hiyo yenyewe ilikuwa haina budi kupita mbele ya Malodi! Mfalme Edward wa Saba alikufa mwezi wa Mei katikati ya ugomvi. Mwanawe, George wa Tano, alimwahidi Asquith kwa siri kwamba, kama serikali itashinda uchaguzi mwingine, atawapa ulodi watu wapya mia kadhaa ili wajaze baraza na kuupitisha mswada. Uchaguzi ukafanywa Desemba, 1910, serikali ikabaki.

Ahadi ya Mfalme ilipojulikana, Malodi waligawanyika. Wengine walisema heri kufa wakipigana kuliko kukubali. Wengine waliona kwamba wakikataa watajaziwa wageni mia kadhaa katika baraza lao, na neno litapita vile vile, na heshima yao itakwisha. Kura ilipigwa tarehe 10 Agosti, 1911, katika siku za joto kali mno mjini London. Hakuna aliyejua mpaka dakika ya mwisho ni upande gani utakaoshinda. Kwa kura 131 kwa 114 Malodi waliukubali mswada uliopunguza uwezo wao wenyewe. Tangu siku ile hawana uwezo wa kuzuia mswada wa fedha zaidi ya mwezi mmoja, na miswada mingine waliweza kuichelewesha miaka miwili tu. Mwaka huo huo wajumbe wa Baraza la Raia walianza kulipwa mshahara, pauni 400 kwa mwaka, hata fundi wa mgodini akaweza kukaa Bungeni bila kufa njaa. Wengine husahau jambo hili, lakini sisi twaliona kuwa kubwa karibu sawa na lile la kwanza.

Jambo moja katika sheria hiyo ya 1911 twaomba wasomaji walishike. Katika utangulizi wake imeandikwa kwamba sheria hii ni ya muda, na kwamba kusudi ni kuweka badala ya Baraza la Malodi baraza jingine lenye msingi wa watu wala si wa urithi. Ila kazi hiyo haikuweza kufanywa mara moja. Tutalirudia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili chama cha Wafanyi Kazi kilishinda uchaguzi wa 1945 kwa wingi mkubwa, hali Malodi wa chama hicho walikuwa wachache sana. Wakubwa wa pande zote mbili wakapatana kwa busara: mswada ambao chama kimewatangazia watu kabla ya uchaguzi, Malodi hawataupinga unaposomwa mara ya pili. Mapatano haya hayakuandikwa katika sheria, lakini yameshikwa. Mwaka wa 1949 muda wa kuchelewesha ukapunguzwa tena, ukawa kiasi cha mwaka mmoja. Malodi walikataa sheria hiyo ya pili, ikapitishwa bila idhini yao kwa nguvu ya ile ya kwanza. Tangu 1911 hata 2024 ni sheria saba tu zilizopitishwa kwa njia hiyo, hii ikiwa mojawapo. Kwa kawaida watu wawili wanaojua ni nani atakayeshinda hupatana kabla ya kufika huko.

Mpaka wakati huo hapakuwa na mwanamke hata mmoja katika viti vyekundu. Alikuwako bibi mmoja, Lady Rhondda, ambaye alirithi cheo cha baba yake mwaka wa 1918. Aliomba kiti chake, na mwaka wa 1922 Malodi wakamkatalia kwa sababu ni mwanamke. Hakuacha kudai kwa maisha yake yote. Mwaka wa 1958 ilipitishwa sheria ya kuweka malodi wa maisha, yaani watu wapewao kiti kwa ajili ya kazi zao wenyewe, na kiti hicho hakirithiwi na watoto. Sheria ilisema waziwazi kwamba wanawake wamo. Lady Rhondda alikufa Julai ya mwaka huo, na wanawake wa kwanza wakaingia Oktoba. Wanawake wenye vyeo vya kurithi waliruhusiwa mwaka wa 1963.

Sheria hiyo ya 1963 ilitokana na kisa cha ajabu, na ingawa ni kirefu hatuwezi kukipita. Tony Benn alikuwa mjumbe wa Baraza la Raia kwa mji wa Bristol tangu 1950. Baba yake alikuwa amepewa ulodi wa kurithiwa. Novemba 1960 mzee akafa, na saa ile ile mwana akawa lodi, apende asipende. Kwa kuwa lodi hana ruhusa ya kukaa katika Baraza la Raia, Benn alifungiwa mlango. Akasema hautaki ulodi. Akaambiwa hakuna njia ya kuukataa. Ni katika damu. Uchaguzi wa kujaza kiti chake ukafanywa Mei 1961. Yeye akasimama tena, na watu wa Bristol wakampa kura zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Hakimu wakaamua kwamba kura hizo hazifai kitu, na kiti akapewa yule aliyeshindwa!

Hapo watu wengi waliona kwa macho yao jambo ambalo vitabu havikuweza kuwaonyesha. Urithi uliosifiwa kuwa ni heshima ulikuwa umegeuka kuwa kifungo, na watu waliomtaka mjumbe wao walinyimwa. Benn alishindana miaka miwili zaidi. Tarehe 31 Julai, 1963, sheria ya kuruhusu mtu kuuvua ulodi ilipata idhini, na dakika chache baadaye yeye alikuwa wa kwanza kuuvua. Mwezi uliofuata alichaguliwa tena. Jambo la kuchekesha ni kwamba wa kufaidika mara baada yake alikuwa mpinzani wa chama chake: Oktoba ya mwaka huo Lord Home aliitwa kuwa Waziri Mkuu, akauvua ulodi wake, na kwa muda wa majuma mawili hivi Uingereza ilikuwa na Waziri Mkuu asiyekuwa katika baraza lo lote, mpaka alipochaguliwa.

Kutoka hapo majaribio yalifuatana. Juni 1968 Malodi waliikataa amri ya serikali ya kuibana Rhodesia ya Kusini, ambako walowezi wachache walikuwa wameshika utawala kwa nguvu. Kura zilikuwa 193 kwa 184. Serikali ikakasirika, ikaleta mswada wa kuligeuza baraza. Wakuu wa vyama vyote viwili vikubwa walikuwa wameelekea kupatana, lakini wajumbe wawili wasiopatana katika jambo jingine lo lote, Michael Foot wa upande wa kushoto na Enoch Powell wa upande wa kulia, waliuzuia kwa kusema, na kusema, na kusema, hata mwaka wa 1969 serikali ikachoka ikauondoa. Foot alichukia baraza la watu waliowekwa na Waziri Mkuu. Powell alipenda lile la kale lisiguswe.

Kisha ikaja 1999. Serikali ya Tony Blair iliwatoa malodi wa urithi zaidi ya 600 kwa sheria moja. Lakini ili sheria ipite bila vita, walikubaliwa 92 kubaki kwa muda, mpaka mageuzi yatakapokamilika. “Kwa muda” huko kulidumu zaidi ya robo ya karne. Mmoja wao akifa, palifanywa uchaguzi wa kujaza nafasi yake, na waliosimama ni wenye vyeo vya kurithi tu. Mwaka wa 2016 ulifanywa uchaguzi wa namna hiyo ambao wapiga kura walikuwa watatu na waliotaka kiti walikuwa saba. Aliyeshinda alipata kura zote tatu. Hatuna la kuongeza.

Msomaji asidhani sasa kwamba tunamwambia Malodi hawafai kitu. Malodi wa maisha wamo waganga, mahakimu wastaafu, walimu wa vyuo vikuu, wakuu wa vyama vya wafanyi kazi, na wajumbe wa zamani wa Baraza la Raia. Hawalipwi mshahara, ila wengi hupata posho kwa siku wanayohudhuria. Kwa kuwa hawana wapiga kura wa kuwaogopa, husoma mswada kwa utulivu na kuonyesha mahali ambapo maneno yake yatawaumiza watu ambao hakuna aliyewafikiri. Mfano mmoja unahusu nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 2022 serikali ya Uingereza ilipatana na Rwanda kwamba baadhi ya wakimbizi wafikao Uingereza kwa mashua watapelekwa Rwanda, na maombi yao yatasikizwa huko. Tarehe 15 Novemba, 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mpango huo ni kinyume cha sheria, kwa kuwa haikuridhika kwamba watu hao watakuwa salama wasirudishwe walikotoroka. Serikali ikaleta mswada wa kutangaza kwamba Rwanda ni nchi ya salama na kuwaamrisha mahakimu wakubali hivyo.

Malodi waliubadili mswada, wakaurudisha. Raia wakayafuta mabadiliko. Malodi wakaurudisha tena, na tena. Walisema: Bunge laweza kubadili sheria, lakini laweza kuamrisha kuwa jambo ni kweli? Usiku wa tarehe 22 Aprili, 2024, wakaacha, kwa sababu waliochaguliwa walishikilia neno lao. Mswada ukawa sheria. Julai ya mwaka huo uchaguzi ukaleta serikali nyingine, nayo ikaufuta mpango mzima kabla ya mtu hata mmoja kupelekwa kwa nguvu. Hapo twaona kazi ya baraza la pili ikifika ukingoni mwake. Liliweza kuuliza na kuchelewesha, kuzuia halikuweza.

Na hapa ndipo penye fundo lenyewe. Kwa nini Malodi waliacha? Kwa sababu walijua hawakuchaguliwa. Udhaifu wao ndio unaowafanya wanyamaze wakati unaofaa. Basi tukisema wachaguliwe, udhaifu huo utaondoka. Lodi mwenye kura za watu mia elfu nyuma yake hatakubali kuambiwa na mjumbe wa Raia, “Nyamaza, mimi ndiye niliyechaguliwa.” Mabaraza mawili yenye nguvu sawa yaweza kuvutana hata kazi ya nchi ikasimama. Lakini tukiwaacha bila kuchaguliwa, atakayewaweka ni Waziri Mkuu, kwa kuwa Mfalme hufuata ushauri wake. Naye ataweka rafiki zake na waliokisaidia chama chake kwa fedha. Jambo hili si la kuwaza tu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza heshima ziliuzwa waziwazi hata ikawa aibu, na mwaka wa 1925 ilibidi ipitishwe sheria ya kukataza. Tangu mwaka wa 2000 iko tume ya kuwachunguza wanaopendekezwa, lakini Waziri Mkuu hana mpaka wa hesabu, na hata 2024 Malodi walikuwa zaidi ya 800. Ni baraza la Bunge kubwa kuliko yote duniani, ila lile la China.

Fundo hilo limewashinda wengi kulifungua. Mwaka wa 2003 Baraza la Raia liliwekewa njia saba, tangu wote kuwekwa hata wote kuchaguliwa, nalo likazikataa zote saba. Mwaka wa 2007 lilikubali kwamba wachaguliwe, Malodi wakasema wote wawekwe, jambo likalala. Mwaka wa 2012 ukaletwa mswada wa kuchagua wanne katika kila watano, kila mmoja kwa miaka 15 asirudi tena, ili asiwe mtumwa wa chama akiombea uchaguzi wa pili. Twaona kwamba wazo hilo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyotangulia. Ulipata kura 462 kwa 124 uliposomwa mara ya pili. Lakini wajumbe 91 wa chama cha Waziri Mkuu mwenyewe waliupinga, serikali ikaona kwamba watauzungusha miezi na miezi kama Foot na Powell, ikauacha.

Nchi nyingine zimekata kwa kisu. New Zealand ilijaza baraza lake la juu watu waliokubali kulipigia kura ya kulifuta, nao wakafanya hivyo mwaka wa 1950. Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963 ikiwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, ili makabila madogo yasimezwe. Mwishoni mwa 1966 Seneti ile ikaunganishwa na baraza la chini, ikatoweka. Lakini haja iliyoizaa haikutoweka. Katiba ya 2010 imeirudisha, nayo tangu 2013 ina wajumbe 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, pamoja na wanawake 16, vijana 2 na walemavu 2, na Spika wake. Kazi yake kubwa ni kulinda kaunti na fungu lao la fedha. Angalieni tofauti: Mkenya akiulizwa seneta wake anamsemea nani, anaweza kutaja mahali. Mwingereza akiulizwa Malodi wanamsemea nani, hujikuna kichwa. Kwa sababu hiyo wako Waingereza, miongoni mwao Gordon Brown katika taarifa ya 2022, waliotaka baraza la pili liwe la wajumbe wa nchi na majimbo: Scotland, Wales, Ireland ya Kaskazini, na sehemu za Uingereza yenyewe.

Septemba 2024 serikali ya Keir Starmer ilileta mswada wa kuwaondoa malodi wa urithi waliobaki tangu 1999, na Baraza la Raia likaupitisha Novemba. Chama chake kiliwaahidi watu pia kwamba lodi atakapofika umri wa miaka 80 atastaafu. Baraza la watu lililoahidiwa katika utangulizi wa sheria ya 1911 bado halijaundwa.

Katika mazungumzo yajayo tutaeleza jinsi Waingereza wanavyopiga kura za kuwachagua wajumbe 650 wa Baraza la Raia, na kwa nini chama chaweza kupata viti vingi kwa kura chache.